Fimbo ya Babu Nzioka

Nyinyi watu wa Kambu mna maneno. Tangu nirudi, kila anayeingia hapa hotelini kunywa chai ananiuliza: Mama Ndinda, ulipotelea wapi, na mbona umerudi umenyamaza hivyo? Wengine mmesema nilienda kuolewa. Kwa umri huu, na magoti haya, na mume wangu yuko nyumbani! Basi nimeona niandike mara moja, msome mkingoja chapati, mniache nipike kwa amani. Yale ya kumwachia dada yangu funguo na kubishana na mzee wangu nitayaruka, hayana utamu. Mahali pa kucheka mcheke. Lakini mkifika kule Mutomo mnihurumie kidogo, kwa sababu huko nilijiaibisha, na aibu yenyewe bado haijaniisha.

KAMBU, KABLA YA SAFARI

Babu yangu mzaa mama aliitwa Nzioka. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa akiwa kijana, akapelekwa Burma, akarudi. Hilo mnalijua, maana nimewaambia mara nyingi kwamba aliangusha ndege kwa bunduki. Nani aliniambia? Sijui. Nafikiri nilianza mimi mwenyewe, siku moja madereva walipokuwa wakijisifia babu zao, nami sikutaka wangu awe mdogo.

Kaburi lake liko Kalamba, nyumbani kwao Mama na anakoishi hata leo, na miaka yote lilikuwa rundo la mawe. Mjomba Mule, ndugu mdogo wa Mama, akasema sasa tumjengee vizuri, kwa simenti na taili, mchungaji aje aombe, watu wale. Siku ikapangwa, Jumamosi. Lakini katika ukoo wetu kazi ya kaburi haianzi mpaka mtoto mkubwa aliye hai aweke mkono wa kwanza, na mtoto mkubwa ni Mama.

Mama akakataa.

"Huyo mtu hakunishika mkono hata siku moja," alisema. "Sasa mimi nikaweke mkono wangu kwake kwa nini?"

Mnamjua Mama. Ni mtu wa kanisa kabisa. Mwizi wa kuku wake alimsamehe, akampa na kuku wa pili. Lakini baba yake alimshinda. Na moyo wake siku hizi si mzuri, akipanda kilima kidogo anakaa chini. Niliogopa asije akaenda na hiyo kitu kifuani. Mjomba akasema hakuna haja ya kumlazimisha, ila kule Kitui, upande wa Mutomo, kuna mjane wa Kilonzo, rafiki wa Babu aliyekwenda naye vitani. Ni huyo tu amebaki wa kumjua Babu wa siku zile. Nikasema nitakwenda. Nitarudi na neno moja zuri, Mama alisikie, alainike.

Sasa kuna ile stori ya fimbo. Wengi wenu mmeicheka hapa hapa kwenye benchi. Mama akiwa mtoto, kwenda kanisani Jumapili walikuwa wakivuka mto. Mvua ikinyesha, maji yanapita, na baba za wenzake wanawabeba watoto mabegani. Babu yeye alikata fimbo, akashika upande mmoja, Mama akashika upande wa pili, akavutwa mpaka ng'ambo. Watoto wa shule walimcheka, wakasema Nzioka anavusha mbuzi. Mama alinisimulia hayo mara moja tu, hakuwa anacheka. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa ya kuchekesha wateja.

KAMBU MPAKA IKUTHA

Nilipata nafasi kwenye lori la Bakari, yule dereva mtu wa pwani anayependa chai ya tangawizi. Alikuwa amebeba chumvi na sabuni za kupeleka Kitui. Njia nzima alikuwa akinisahihisha Kiswahili.

"Mama Ndinda, si 'hii mbuzi', ni 'mbuzi huyu'."

"Bakari, endesha hii gari."

"Gari hili."

"Endesha tu!"

Tulipinda Kibwezi tukaiacha barabara ya Mombasa, tukavuka Athi, na huko mbele nchi ikawa kavu, vichaka na udongo mwekundu. Nikamwambia habari za ndege, akaguna. Nikamwambia ile ya fimbo, nikaitia chumvi nyingi kuliko iliyokuwa nyuma ya lori, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Baadaye kidogo akasema, "Lakini mama yako akikusikia ukiisimulia hivi, hucheka?"

"Mama hajui kama naisimulia."

Akasema "Aaa," akabadilisha gia. Nilimwona mtu wa kuharibu raha.

Karibu na Ikutha gurudumu likapasuka, na lile la akiba nalo lilikuwa limechoka. Fundi wa pancha alikuwa amekwenda mazishini. Tukangoja. Tuliingia kwenye kihoteli kimoja, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi hiyo sitasema mengi, ila chai yao ilikuwa maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali. Mama wa pale alituletea sahani moja ya wali na vijiko viwili, akamwambia Bakari, "Mkeo amechoka, mpe nyama." Bakari akanisukumia nyama yote kwa adabu kubwa. Nikakataa kuwa mkewe, nikaila nyama. Fundi aliporudi kutoka mazishini alikuwa ameshiba na hana haraka, na sisi tulifika Mutomo jua limeinama.

MUTOMO, KWA SUSU KALEKYE

Bodaboda alinipeleka mpaka kwenye geti la miti. Nilikuwa na sukari, majani ya chai, mkate na leso mpya, kama inavyotakiwa. Aliyenipokea ni Mbithe, mke wa mtoto wa yule bibi, mwanamke mnene wa kucheka haraka. Bibi mwenyewe anaitwa Kalekye. Kwetu bibi ni susu, kwa hivyo naye nilimwita Susu. Ni mdogo wa mwili, sikio moja halisikii, anavuta tumbaku ya pua mbele ya watu bila kuficha, na hata yeye hajui miaka yake. Alizungumza Kikamba tu. Nawaandikia kwa Kiswahili.

Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa Nzioka wa Kalamba, aliweka mkono mdomoni. Akaniangalia muda mrefu, akanigusa uso, akasema, "Basi alizaa watu."

Tulipewa muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, yaliyopikwa na kunde, laini, na samli kidogo juu. Hicho ni chakula. Nikala mpaka aibu ya kwanza, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Halafu nikatoa simu, nikawasha ya kurekodi sauti, nikaiweka kwenye meza ili nimpelekee Mama maneno yenyewe.

"Kabla sijasema," Susu akasema, "niambie. Kule kwenu Nzioka anasemwaje?"

Jamani. Hapo ndipo nilipopewa kamba nikajifunga mwenyewe. Ningesema, Susu, mama yangu analia kwa sababu yake. Lakini nilikuwa nimeshiba, Mbithe alikuwa mtu wa kucheka, na mimi nikiona watu wamekaa wananitazama, huwa sijiwezi. Nikaanza na ndege. Susu akasema, "Ndege?" Nikasema ndiyo, iliwaka moto, ikaanguka. Halafu nikaingia kwenye fimbo.

Na sikuisimulia kwa mdomo peke yake. Niliichukua fimbo ya Susu, ile anayotembelea, iliyokuwa imelala kando ya kiti chake. Nikamwambia Mbithe ashike upande wa pili. Nikatembea kwa kuchechemea kama mzee, shingo nimeikaza, uso nimeugeuza mbali kama mtu aliyesikia harufu mbaya, nikamvuta Mbithe kutoka mlangoni mpaka kabatini. Nikalia kama mbuzi. Mbithe alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Susu akasimama. Alishika ukuta, halafu kiti, halafu ukuta tena, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mimi nikabaki katikati ya nyumba nimeshika fimbo ya mwanamke asiyeweza kutembea bila fimbo.

"Umemfanya nini?" Mbithe akauliza, kicheko kimemkatika.

"Sijui."

Na kweli sikujua, lakini mwili ulikuwa umeshajua, maana masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Nikabisha mlango. "Susu, fimbo yako." Nikaiegemeza hapo, ikateleza ikaanguka kwa kelele, nikaiokota, nikaiegemeza tena. Nilifikiria hata kuondoka, nipande bodaboda nirudi nikaseme sikumkuta. Mbithe akaniambia nisiongeze ujinga juu ya ujinga, akanitandikia.

MUTOMO, ASUBUHI

Asubuhi Susu aliniita yeye mwenyewe. Alikuwa kwenye boma la mbuzi, amekaa kwenye kigoda, anakamua. Hakuniamkua. Alisema, "Shika huyu miguu," nikashika.

Alikamua kwanza. Halafu akaanza kusema bila kuniangalia.

"Hakuna ndege. Kilonzo na Nzioka walifundishwa bunduki, ndiyo. Lakini walipofika kule kwenye mvua na matope, wakubwa wakatazama nani ana mgongo wa nguvu na mdomo wa kunyamaza. Hao wawili wakapewa koleo na machela. Kazi yao ilikuwa kuzika."

"Kuzika nani?"

"Kila mtu. Wenzao, Wazungu, Wahindi, maadui. Wengine walikuwa wameoza, wengine nusu. Nilimuuliza Kilonzo walikuwa wangapi. Akaniambia watu hawahesabiwi, ukiwahesabu unawaita."

Mnajua wakati ule kwetu maiti ilikuwa jambo zito. Haishikwi na kijana. Na aliyeishika haingii nyumbani, wala hashiki mtoto, mpaka wazee wamwoshe kwa ng'ondu, yaani majani fulani yanayochanganywa na maji ya tumbo la mbuzi. Akimshika mtoto kabla ya hapo, mtoto anadhoofika, anaweza kufa. Ndivyo watu walivyoamini, si mchezo.

"Kule Burma nani angewaletea ng'ondu?" Susu akasema. "Walizika, wakala kwa mikono hiyo hiyo, wakazika tena. Wakarudi, wakapewa koti, wakaambiwa asante, nenda nyumbani. Nilipozaa mtoto wa kwanza, Kilonzo alikuwa akimwangalia kutoka mlangoni. Hakumgusa. Mtoto alipoanza kutembea, akawa anamwongoza kwa fimbo."

Nikamwachilia yule mbuzi mguu, akapiga teke, maziwa yakamwagika nusu. Susu hakugomba.

"Jana umecheza mchezo wa fimbo," akasema. "Uso uliufanya hivi, umegeuka. Mimi nimemwona mwanamume akifanya hivyo kweli, na uso wake nimeuona. Wewe hukuuona."

Nilipiga magoti pale kwenye samadi. Mimi Mama Ndinda, mdomo mrefu kuliko barabara ya Mombasa, sikuwa na hata neno moja.

Susu akaendelea. Yeye hakukubali. Alimwita mwanamke mzee anayejua mambo hayo, akachinja mbuzi, akamwosha mumewe kwa siri. Kilonzo akamshika mtoto. "Akamshika mpaka mtoto akamkojolea, na bado hakumweka chini." Kanisa likasikia, wakamtenga na meza ya Bwana. Mpaka leo anakaa benchi la nyuma, na tumbaku alianza kuvuta siku hiyo, akisema kama ni dhambi ziwe za kutosha.

"Nzioka akapata habari," akasema. "Akaja kutoka Kalamba kwa miguu. Akavuka Athi na mbuzi wake. Alikuwa ameacha mtoto mchanga nyumbani, msichana."

"Ni mama yangu huyo."

"Nilijua jana uliposema. Alilala pale kwa mifugo, hakutaka kuingia ndani. Asubuhi wazee wamekaa, moto umewashwa, kila kitu tayari. Akafika hapo kwenye mlango wa boma akasimama. Akaniambia, 'Kalekye, mimi nimebatizwa. Nikioshwa na hii, nitakuwa nimesema yale maji hayakutosha.' Nikamwambia, 'Basi kama yalitosha, rudi nyumbani umshike mtoto wako.'"

Nikamuuliza Babu alijibu nini.

"Alilia. Akasema, 'Na kama hayakutosha?'"

Hapo Susu akajifuta pua kwa leso niliyomletea. Akasema Babu alimfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya mlango, akaondoka. Hata uji hakunywa. Na huyo mbuzi, Susu hakumchinja, kwa sababu hakuwa wake. Alizaa, watoto wakazaa. Akanyoosha kidole kwenye boma. "Hawa unaowaona, weusi wenye mkia mweupe, wote ni wa Nzioka. Nimekuwa nikingoja mtu aje."

"Susu, nisamehe," nikasema.

"Mimi umenikosea nini? Fimbo yangu uliniegemezea mlangoni. Omba msamaha kwa mwenye stori." Akanichagulia jike mmoja, akanipa kamba. "Mpeleke. Si wa kanisa na si wa wazee. Ni wake tu."

MUTOMO MPAKA KALAMBA

Bakari alikuwa akirudi kutoka Kitui na lori tupu. Aliponiona na mbuzi alifungua mdomo, na mimi nikasema kabla yake, "Mbuzi huyu, Bakari. Nimejifunza." Akacheka. Mbuzi akapanda nyuma, mimi mbele.

Kwenye kizuizi kimoja askari akachungulia nyuma.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa babu yangu."

"Babu yako yuko wapi?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Nikiwa mtoto."

Akanitazama mimi, akamtazama mbuzi, akanitazama tena. "Mama, huyu mbuzi ana umri gani?" Nikaanza kueleza, habari za Burma, habari za mlango wa boma, na katikati ya kueleza nikaanza kulia kwa sauti. Askari akarudi nyuma kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. "Pitisha, dereva, pitisha."

Tulipokwenda mbele kidogo nikakumbuka simu. Nikaiweka sikioni nisikilize iliyorekodi. Kulikuwa na ile sauti yangu ikisema ndege iliwaka moto. Kulikuwa na mbuzi niliyemwiga. Kulikuwa na kicheko, changu na cha Mbithe, changu ndicho kikubwa, na ndani ya kicheko ukisikiliza sana unasikia kiti kikisogezwa, na mkono wa mtu mzee ukipapasa ukuta. Nilifuta yote. Tulipofika barabara kubwa, kijana wake wa lori, aliyekaa nyuma na mbuzi, alisogea dirishani akasema, "Mama, boss aliniambia una stori kali ya fimbo. Tupe hiyo."

"Hiyo imeisha," nikamwambia.

Bakari aliniacha Emali, akanitafutia pikapu ya kwenda Kalamba iliyokuwa na mitungi mitupu ya maji. Alipogeuka kuondoka alisema, "Msalimie mama." Hakunisahihisha kitu siku hiyo.

KALAMBA

Mama alikuwa uani anapembua ndengu kwenye ungo. Mbuzi akatangulia, akaingiza mdomo kwenye ungo, Mama akampiga kofi la pua. "Huyu ni wa nani?"

Nilikaa chini karibu naye. Nikaanza na aibu yangu, kwa sababu nilijua nikianza na mengine nitaruka hiyo. Nikamwambia stori ya fimbo nimewachekesha nayo madereva, nimeiigiza hata mbele ya Susu Kalekye kule Mutomo, na nimelia kama mbuzi. Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea kutoa mawe. "Nilisikia," akasema. "Kambu si mbali. Mtu aliniambia zamani."

Mnajua, hilo ndilo lililoniumiza kuliko kofi. Alijua. Na kila nilipokuja alinichinjia kuku.

Kisha nikamwambia mengine yote, koleo, machela, ng'ondu, Athi, mlango wa boma. Mwisho akauliza kitu kimoja.

"Alifika mlangoni?"

"Alifika, Mama."

"Na akarudi."

"Akarudi."

Alipepeta ungo, makapi yakaruka. Akauweka chini. Akaangalia mikono yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Ile fimbo," akasema, "mwanzo ilikuwa ndefu. Nikiwa mdogo, ilikuwa ndefu kuliko mlango, yeye yuko ng'ambo na mimi niko katikati ya maji. Mwaka mwingine akakata fupi. Halafu fupi zaidi. Mimi nilikuwa nikikua, nikafikiri ni kwa sababu hiyo. Mwaka ule kabla sijaolewa, alinivusha na kijiti kama mwiko wa ugali." Akaonyesha kwa mikono. "Vidole vyake vilikuwa hapa, vyangu hapa. Nikaviona vinatetemeka. Nikasema moyoni, huyu mzee, hata kijiti ananinyima."

Akaanza kulia, pole pole, kinywa wazi, kama watoto wanavyolia.

"Alikuwa anakuja," akasema, akaniita kwa jina langu la utotoni. "Nduku, alikuwa anakuja."

Nilitaka kumkumbatia, lakini nilijiona sistahili. Nikaokota ndengu zilizomwagika. Yeye ndiye aliyenivuta kichwa akakiweka mapajani, na tukakaa hivyo, mbuzi akamaliza ungo wote.

JUMAMOSI

Watu walikuja, mchungaji akaja, mashada ya maua yakaja, na mbuzi akala shada moja kabla ya maombi. Mchungaji akauliza huyu mnyama ni wa shughuli gani. Ninajua alikuwa na wasiwasi wake. Mama akamjibu, "Ni wa baba, Mchungaji. Alimsahau kwa rafiki." Mchungaji akatikisa kichwa, akafungua kitabu.

Mjomba Mule alikuwa ametayarisha maneno ya kuchorwa kwenye jiwe, shujaa, ndege, na kadhalika, maneno aliyoyatoa kwangu. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema ni uongo wangu. Hakuna aliyecheka. Mama akamwambia fundi aandike: Alizika wenzake Burma.

Simenti ya kwanza ilikuwa imemwagwa upande wa kichwa kumngoja Mama, bado mbichi. Fundi akampa Mama mwiko wake wa kazi ili aanzishe. Mama akautazama, akaurudisha. Akapiga magoti polepole, nikamshika kwapa. Akakunja mkono wa gauni, akaweka kiganja juu ya simenti, akakandamiza. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, watu wakaanza kukohoa, mchungaji akafunga kitabu na kukifungua.

Alipoinuka alama ilibaki, vidole vyote vitano. Fundi ni mtu wa kazi safi, akainama na mwiko wake, akamuuliza, "Mama, nilainishe hapa?"

"Wacha," Mama akasema. "Wacha anishike."